Tumbo la Mama Joviana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Anatolia Byabato, mama Joviana, wa Nyanga hapa Bukoba. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Lakini mwendo aliujua.

Kila Jumamosi mumewe, mzee Byabato, alimpeleka Muleba kwa pikapu yao akamwone mama yake mzazi. Mvua zilipozidi, njia ya shambani ikawa tope tupu. Mzee akafunga matairi makubwa kuliko ya mwanzo, akatamba nayo mtaa mzima.

Safari ya kwanza tu, mama akang'ang'ania mlango.

"Baba Joviana, unakimbiza!"

"Nakimbiza wapi? Tazama mshale. Hamsini."

"Mshale unasema hamsini. Tumbo langu linakataa."

Mzee akacheka. Mama hakucheka. Kilichomuuma ni kuona mumewe anauamini mshale kuliko yeye. Jumamosi iliyofuata akagoma kupanda, ingawa mama yake alikuwa anamsubiri.

Mzee akaenda peke yake na mkungu wa ndizi. Kuingia Muleba, akapigwa tochi na trafiki: hamsini na sita! Alibisha wee kwamba mshale ulisoma hamsini, akachoka.

Wasikilizaji, kipima mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu. Hakijui kama umebadilisha tairi. Tairi kubwa likizunguka mara moja hufika mbali zaidi. Narudia: ukifunga matairi makubwa, mshale unasoma pungufu, na gari linakwenda kasi kuliko unavyoonyeshwa.

"Tata, baba yangu, alirudi mpole," anasimulia binti yao, Joviana. "Akamwambia mama kwa heshima ya Kihaya, 'Waitu, nisamehe. Tumbo lako lilisema kweli.' Mama alicheka mpaka akakaa chini."

Matairi hayakubadilishwa. Ila tangu siku hiyo, kila safari mzee aliuliza, "Mama Joviana, tumbo linasemaje?" Akiambiwa "punguza," anapunguza. Akiambiwa "hapo hapo," anatulia.

Mama Joviana alitutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua. Mzee alikataa gari la kukodi. Alimchukua mwenyewe hospitali kwa pikapu ileile, jeneza nyuma, Joviana kiti cha mbele. Njiani, kwa mazoea, akauliza:

"Tumbo linasemaje?"

"Niligeuka nikalitazama jeneza," anasema Joviana. "Tata akapunguza. Akapunguza tena. Mpaka wenye baiskeli wakatupita."

Mzee Byabato, Joviana, ndugu wote wa Nyanga na Muleba, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa kwenye usukani, kando yako kuna mtu. Muulize, maadamu bado anaweza kukujibu.