Isale Limepelekwa Baharini

Ubao wa kukalia wa kijiwe cha Njoro ulilala juu ya mawe mawili, ubavuni mwa nyumba ya wageni, na birika la Primus, muuza kahawa, lilikuwa motoni tangu alfajiri. Wakulima wengi wa Moshi huuza kahawa wakanywa chai, lakini watu wa ubao huu waliinywa yenyewe, nyeusi na chungu, wakidai inafungua akili. Akili sijui, midomo iliifungua kwelikweli. Siku hiyo alikuwapo Melkior, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Urbanus, aliyeitwa Hoja kwa kuwa hakuna mkutano wa kata alioukosa wala alionyamaza. Na Ambrosi Kokoto, mzee wa maneno machache, aliyepasua mawe machimboni chini ya mlima mpaka mikono ikaota sugu. Mbele yao alisimama Mwalimu Salvina, bahasha kifuani, roho juu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na riwaya ya watoto. Aliiandika kwa likizo zake zote: wavuvi wanalipua samaki kwa baruti, kasa anakosa pa kuishi matumbawe yakivunjika, na watoto wawili wa Kilema, huku mlimani, wanashuka hadi pwani. Jana bwana mmoja wa vitabu, aliyelala nyumba hiyo ya wageni, alimwambia atoe bahari aweke shamba, naye ataipeleka ikachapwe Dar es Salaam. La sivyo, abaki nayo. Basi la bwana huyo lilikuwa linaondoka asubuhi hiyo hiyo. Salvina alikuja kijiweni kutafuta wa kumuunga mkono, na hapo ndipo alipokosea.

— Shikamooni, wazee. Eti bahari niitoe?

— Marahaba. Itoe, alisema Redio. Kwani bahari umeijulia wapi?

— Nimefundisha Pangani miaka miwili.

— Miwili! Mimi nina mkwe wangu mwaka wa kumi huu, na bado simjui.

— Siasa ni kilimo, mwalimu, alidakia Hoja. Kasa analima nini? Mfanye mbuzi. Mbuzi wa kijiji cha ujamaa, anakula majani ya wote, anakamuliwa na wote.

— Na baruti?

— Baruti iwe kupe.

— Hata hiyo baruti ni uzushi, alisema Redio. Samaki wanakufa kwa joto. Theluji ya Kibo ikipungua, maji ya baridi hayafiki kule, basi samaki wanaiva.

— Wanaiva?

— Wanaiva wakiwa hai! Ndiyo maana watu wa pwani hawahangaiki na kuni.

— Acha hizo, alisema Hoja. Ni mabeberu. Wana nyambizi, inapita chini kwa chini, inatikisa, samaki wanapasuka nyongo.

— Na inapanda Mto Pangani mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu! Shemeji yangu aliiona taa.

— Taa ya nini?

— Ya nyambizi. Ilikuwa inageuza.

Salvina alitamani kucheka, hasira ikamzuia. Alikumbuka asubuhi yake ya kwanza Pangani: mlio mzito, kisha samaki wadogo wakaelea matumbo juu, na wanafunzi wake wakawazoa kwa ndoo wakishangilia. Alilia mbele yao, akaona haya, na siku hiyo hiyo akaanza kuandika.

— Halafu umekosea mila, alisema Hoja, akiinua kidole. Watoto wa riwaya yako wanabeba isale kuipelekea bahari. Isale hupelekwa na nani?

Hakuna asiyejua. Mchagga akikukosea akakuletea jani la isale, humkatalii msamaha, hata kama bado una uchungu.

— Na aliyekosa, alisema Salvina.

— Ehee! Sasa watoto wa Kilema wameikosea nini bahari? Umeligeuza, mwalimu.

— Tena ukimpa mtu wa pwani isale, alisema Redio, jioni utalikuta kwenye nazi.

Ubao mzima ukacheka, isipokuwa Kokoto.

— Sijaligeuza, alisema Salvina. Limekaa nilipotaka likae.

Bwana wa vitabu akatoka na mkoba wake.

— Umeamua, mwalimu? Nakushauri kwa mapenzi mema. Mtu wa mlimani ana nini na bahari?

— Hata sisi tumemwambia, kasa amfanye mbuzi, alisema Redio.

Wakati huo mama mmoja mtu mzima alitua mkungu wake wa ndizi kando ya ubao. Alikuwa Odilia, ametoka Kilema kwenda sokoni, na hakuna aliyewahi kumwona pale. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akapokea kikombe.

— Kelele zenu nimezisikia tangu kule barabarani, alisema. Mimi bahari siijui. Nauliza tu, wanangu. Hizo baruti, wavuvi wanazitoa wapi?

— Baharini, alisema Redio.

— Zinaota humo?

Redio akazimika. Kila aliyekaa pale alijua habari za masanduku ya baruti yaliyotoka machimboni yakiwa yamefunikwa majani ya migomba, yakapakiwa kwenye malori ya Tanga. Kokoto alikitazama kikombe chake.

— Sura ya tatu umeifikia? Salvina alimuuliza bwana wa vitabu.

— Nilisoma mwanzo. Muda, unajua...

— Pangani maji yalileta ubao wa sanduku. Niliisoma chapa yake kwa macho yangu, ya machimbo haya haya yetu. Watoto wa kwenye riwaya ni wa mtu aliyeliuza sanduku hilo. Ndiyo maana isale linatoka mlimani.

— Sasa hilo ndilo gumu zaidi, mwalimu. Mbona mbuzi si wazo baya?

— Sitoi bahari. Sitoi hata dagaa mmoja. Ukiitaka, ichukue ilivyo ukaisome yote. Usipoitaka, nitawasomea watoto darasani kila Ijumaa, nao watawasimulia baba zao nyumbani.

Basi likapiga honi. Yule bwana aliitazama bahasha, akaondoka bila kuichukua. Salvina alikitaka kitabu kile kichapwe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, lakini hakumwita arudi.

Primus akainamisha birika, likatoa machicha tu. Kahawa ikiisha, watu wa ubao ule hujikung'uta wakaenda zao. Safari hii hakuinuka mtu.

— Mwalimu, alisema Kokoto, macho bado chini. Isome hiyo sura ya tatu.

— Ina mambo mazito, Mzee Ambrosi.

— Nayajua. Isome.

Mama Odilia akasogeza mkungu wake, Salvina akakaa, akafungua bahasha.