Kususa kwa Dakta Nenita Hormillosa

Ndugu, jamaa, majirani zetu wa Miagao, na wewe Profesa Crisanto Almagro uliyejichagulia kiti cha mbele karibu na feni, mimi ni Rodelo, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla jeneza halijatoka hapa sebuleni kwenda kanisani, nami nitayasoma yote, anayeumia na aumie.

Dakta Nenita Hormillosa alizaliwa hapahapa Miagao, mkoa wa Iloilo, Ufilipino, tarehe 14 Oktoba 1957, kifungua mimba wa baba seremala na mama ambaye kila alipojifungua alilala miezi ameelekea ukuta, hali wala hasemi, na watu wakatuambia mama yenu ni mvivu. Manang, ndivyo tulivyomwita dada yetu mkubwa, ndiye aliyetupikia uji wa mchele na tangawizi, na mmoja wetu alipofanya tampo, yaani aliposusa, akageuza mgongo na kukataa bakuli, yeye ndiye aliyemfuata kumbembeleza, "Haya bwana mkubwa, basi niule mimi huu uji? Mh, mtamu kweli, utajuta!", mpaka aliyesusa anacheka na kula.

Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari na shahada ya kwanza Iloilo mjini, akahitimu mwaka 1978, na tarehe 21 Mei 1983 akafunga ndoa na Teodulo Nufable, mwalimu wa muziki, wakajaliwa Glenda na Rommel, kisha mwaka 1989 akapata udaktari wa saikolojia kule Manila, akarudi nyumbani, kwa sababu swali lake, la mama anayeelekea ukuta, lilikuwa hapa.

Mwaka 1993 alijiunga na utafiti wa Profesa Almagro kuhusu akina mama wenye sonona na hisia za watoto wao, akashinda vibarazani mwa wanawake wanaofuma vitambaa vya hablon, akiwatazama watoto wao wakicheza, wakilia, wakisusa, na alichokigundua kinaweza kusemwa hata na mimi nisiyesoma, kwamba mtoto anayesusa bado anaamini kuna mtu atakuja kumbembeleza, kwa hiyo mama yake, hata akiwa mgonjwa, hajampoteza, na wa kuogopewa ni yule aliyeacha kususa kabisa.

Profesa aliandika kwamba kususa kote ni uhasama, akatangaza kwamba akina mama hao wanalea watoto wakorofi, na wakubwa wa mkoa wakamwamini, wakawachukua watoto kuwapeleka kwenye kituo, akiwemo Merlyn, mtoto wa Nanay, yaani Mama, Basilisa, mwenye miaka minne, ambaye kule kituoni aligeukia ukuta akakataa chakula, akaitwa mkaidi, hakubembelezwa na mtu, na aliporudishwa kwa mama yake mwaka uliofuata alikula chochote alichopewa, akakaa popote alipowekwa, hakususa tena maishani mwake.

Manang alikataa kutia saini ripoti ile, akafukuzwa kazi, na jina lake likafutwa, lakini hakudai kazi wala jina, alidai neno moja tu, lile "uhasama", lirekebishwe hadharani, na Profesa, mbele ya wageni wa mkutano Iloilo, akacheka na kusema, "Mwacheni huyo, amefanya tampo tu, anangoja kubembelezwa!" Mmesikia? Kumbe maana ya tampo aliijua, aliijua vizuri kuliko sisi, na siku aliyowaandika watoto wale kuwa na uhasama hakukosea, alidanganya.

Tangu hapo Manang hakumsemesha, alifungua chumba cha ushauri nyuma ya nyumba hii, akawahudumia akina mama wenye sonona pamoja na watoto wao, bila kumtenga mtu na mwanawe, hadi saratani ya kongosho ilipomlaza mwezi Novemba 2018, na tarehe 9 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Merlyn.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kazi, wale waliothubutu kumtembelea, ama shada lako Profesa, lenye utepe ulioandikwa "Kwa mwenzangu mpendwa", mnaliona pale, tumeligeuza uso ukutani, nalo lisuse.

Mila yetu inakataza mfiwa kumsindikiza mgeni mlangoni, maana ni kumwitia kifo, na kwa wiki nzima hapa hatujamsindikiza mtu, lakini wewe Profesa, ukiinuka hapo, mimi Rodelo nitakushika mkono, nitakusindikiza taratibu, mlangoni, getini, mpaka barabarani.

Manang, neno lako limesemwa hadharani, naye amelisikia, geuka sasa, pumzika kwa amani.