Sahani ya Kaimu

Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga kazi yao Nachingwea, waliondoka na matrekta mazima wakatuachia mabovu, wakatuachia na vumbi. Vumbi lile halikuwa na haraka ya kutua. Kila alasiri ya kiangazi lilipanda kutoka kwenye mapori yaliyofyekwa bure, likachanganyika na moshi wa mashamba yanayochomwa, na jua likazama humo jekundu, polepole, hata mtu akisinzia na kuzinduka alilikuta palepale. Ndani ya wekundu huo, nyuma ya soko, palikuwa na kijiwe cha Jumaa: ubao wa sanduku lililokuja na vyuma vya trekta, umelazwa juu ya mapipa mawili, na mbele yake buli la kahawa juu ya makaa. Hapo walikaa wanaume waliokuwa na kazi mwaka jana. Walikunywa kahawa mpaka magharibi, kisha kila nyumba ikawatolea sahani yake hapohapo barazani, wakala pamoja, maana kwa desturi yao mwanamume hali jikoni na wanawake.

Siku hiyo Kaimu alishika kikombe mpaka kikapoa. Dada yake Mwantumu alifariki kule Chinongwe, arobaini imekwisha, na ameacha watoto watatu. Baba yao alikwenda kukata mkonge Lindi, mkonge ukammeza, hakuna salamu wala fununu. Kwa watu wa huku mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mzazi. Kwa hiyo mzee Amri, mkubwa wa ukoo, alileta kauli: kesho asubuhi anakuja kuchukua neno la Kaimu. Awapokee wote watatu, la sivyo watagawanywa, mmoja Ruponda, mmoja Mbekenyera, na yule mdogo atakwenda kwa yeyote atakayekubali mtoto anayekojoa kitandani.

Na Kaimu, masikini, hakujua la kujibu, maana mwaka huo mvua zilikatika na njaa ilikuwa imeingia. Aliishi ukweni, kwenye shamba la kina mkewe Mwanaheri, na ghala lilikuwa la Mwanaheri. Mwanamume hachungulii ghala la mkewe. Akichungulia, ama ni mchoyo ama ni mwizi. Basi akafanya walichofanya wanaume wote wa Nachingwea walipozidiwa. Akapeleka shauri kijiweni.

— Watoto watatu? alisema Jumaa, akimimina kahawa. Huyu walimwita Jumaa Methali, kwa sababu alikuwa na methali nyingi kuliko vikombe, na hakuna iliyokaa mahali pake. Akaendelea: hilo jambo dogo, ndugu yangu. Bandu bandu huisha gogo!

— Sasa hiyo si inasema gogo litaisha? aliuliza Kaimu.

— Ndiyo! Linaisha polepole. Ndiyo raha yake. Wee punguza haba kwenye kibaba, kibaba chenyewe hakitajua. Asubuhi wape maji ya moto, mchana wape chakula, usiku wape hadithi. Mtoto akilala katikati ya hadithi, umeshaokoa mlo.

— Na akikataa kulala?

— Subira yavuta heri. Iongeze hadithi.

Ausi alicheka kwa pua. Huyu ndiye Injinia. Miaka ya karanga alikuwa mpakaji grisi wa matrekta, na kazi ilipokwisha aliondoka na kofia na elimu.

— Mnazungumza mambo ya kishamba, alisema. Nyumba ni mtambo. Mtambo unakula mafuta kwa sababu gani? Kwa sababu unatembea! Uzime, hauli kitu. Sasa watoto wanakula kwa sababu gani?

— Kwa sababu wana njaa, alisema Kaimu.

— Kwa sababu wanakimbia! Wanaparamia miti, wanafukuza panzi, mafuta yote yanakwenda hewani. Walaze kivulini. Asinyanyuke mtu. Mke asitwange sana, atwange kwa gia ya kwanza. Utaona nyumba inakwenda mwezi mzima kwa debe moja.

— Mke wako wee anatwanga kwa gia ya kwanza? aliuliza Jumaa.

— Wangu hajapata mafunzo, alisema Ausi kwa huzuni.

Walikunywa. Mbali huko treni ya Mtwara ilipiga honi, siku hizi ikija na mabehewa matupu, na mlio wake ulipita ndani ya vumbi kama unatafuta pa kukaa. Ausi aliusikiliza mpaka ukaisha. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelainika.

— Lakini mie nina mpango mkubwa zaidi. Mmeyaona yale mabomba yaliyotupwa kule kambini? Yanaota kutu tu. Tuyaunge. Hapa sokoni tuweke pipa kubwa, tupike uji, wa mji mzima, mara moja. Kisha uji uende kwa bomba mpaka kila nyumba. Kila jiko lina koki yake. Mama anafungulia, uji huo, wa moto, anakinga, anafunga. Hakuna kutwanga, hakuna kuni, hakuna mtu kuuliza tutakula nini.

Hakuna aliyecheka. Kaimu aliliona lile bomba. Aliliona likitoka sokoni, likivuka bonde, likipanda mpaka Ruangwa, likiunguruma uji ndani yake, na ukungu mweupe ukitoka kwenye maungio. Aliwaona watoto wa Mwantumu wamesimama mbele ya koki na vibakuli vyao, yule mdogo ameshikwa mkono na mkubwa wake, hakuna aliyepelekwa Ruponda. Alitamani sana bomba lile liwepo.

— Na sukari? aliuliza Jumaa kwa sauti ya chini.

— Sukari ina bomba lake.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Jumaa, na kwa namna walivyokuwa wamelewa ndoto ile, hata methali hiyo ilionekana imekaa sawa.

Saburi alikuwa bado hajasema. Walimwita Bwana Njozi, na alikuwa na macho ya mtu anayeamshwa kila saa. Alisogeza kikombe chake kando.

— Mnahangaika na mabomba, alisema. Mie sili siku hizi.

— Huli? Na jana nani alimaliza kisamvu changu hapa? aliuliza Jumaa.

— Hapa nagusa tu, niwape wenzangu heshima. Mie nakula usingizini. Juzi nimekula kuku mzima, wa kuchoma, na wali wa nazi juu yake. Nimeamka mikono inateleza mafuta. Nimeshiba mpaka adhuhuri.

— Ulikuwa umelala kwenye kibuyu cha mafuta ya ufuta, alisema Ausi.

— Cheka. Lakini nisikilizeni. Ndoto haina msimu, haina mvua kukatika, haina ghala la mwanamke. Kaimu, wee walaze wale watoto mkeka mmoja, vichwa pamoja. Kabla hawajalala uwaambie wote ndoto moja: kuku, wali, mahali penye kivuli. Wakiingia pamoja, kuku mmoja anawatosha, maana kule kuku haliwi akaisha, anakatika na kuota tena. Mwaka mmoja hivyo, watanenepa.

— Tatizo liko wapi? aliuliza Jumaa, maana alimjua.

Saburi aliutazama wekundu wa magharibi.

— Tatizo ni kuamka.

Kaimu aliwaza kwamba labda Mwantumu naye yuko huko, kwenye kivuli hicho, anawakatia watoto mapaja ya kuku. Kidogo alie mbele za watu.

— Lakini jamani, alisema Jumaa, mbona tunamsumbua mwenzetu na mabomba na kuku wa ndotoni? Kaimu hana shida! Sahani ya nani hapa inakuja imejaa kuliko zote?

— Ya Kaimu, alisema Ausi.

— Ugali wa nani una kichwa kama kilima cha Nachingwea?

— Wa Kaimu, alisema Saburi, aliyeujua vizuri.

— Basi! Kwenye nyumba yenye sahani hiyo, watoto watatu ni kuongeza maji kidogo kwenye chungu. Mwambie mzee Amri awalete. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ghala ni sahani!

Kaimu alijisikia moyo umepata mahali pa kukanyaga. Ni kweli. Jioni zote za njaa ile, sahani yake haikuwahi kumwaibisha. Alikuwa akijivunia kimyakimya, akiisogeza mbele ya wenzake kama vile yeye ndiye aliyeupika ugali.

Kwenye ncha ya ubao alikuwa amekaa mgeni, Mmakua wa upande wa Masasi, jina lake Fransisko, aliyekuwa akipita kwenda kwa shemeji zake. Alikuwa amekunywa kahawa yake kwa adabu, bila kuingilia. Sasa alisafisha koo.

— Samahani, jamani. Mie mgeni, sijui desturi za hapa. Naona hiyo sahani ndiyo inayotoka. Na huko ndani je? Jana shemeji alikula nini?

— Shemeji yupi? aliuliza Jumaa.

— Mke wa ndugu Kaimu.

Wakamgeukia Kaimu. Kaimu akafungua mdomo. Jana… Jana alirudi usiku, taa imefifia. Mwanaheri alisema nini? Alisema, "Mie nimeshakula." Juzi pia alisema, "Mie nimeshakula." Kila siku alikuwa ameshakula.

— Alikula chakula, alisema Kaimu.

— Hilo nalo swali! alisema Ausi. Wanawake wanakula wanachopika.

— Wako jana alikula nini? Fransisko aliuliza tu, bila ubishi, alitaka kujua.

Injinia alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Wangu hali, alisema Saburi polepole, kama mtu anayegundua jambo wakati analisema. Tangu nimwoe sijamwona akitia kitu mdomoni.

Jumaa alitafuta methali. Walimwona akiitafuta, midomo inacheza, mkono umeshika buli hewani. Haikuja.

Kaimu akasimama.

— Wapi, Kaimu? Sahani ziko njiani!

Aliliacha soko nyuma, akakata njia ya mihogo, na kadiri alivyokaribia nyumbani ndivyo alivyoogopa. Akaingia moja kwa moja jikoni, akiinama mlangoni.

Mwanaheri alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anausawazisha ugali kando ya kisamvu kwenye sahani kubwa ya bati kwa mwiko uliolowa, mpaka unang'aa. Kando yake binti yao Zaina na wadogo zake walikuwa wamezunguka chungu cha ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa mtama unapokatika. Walipomwona baba yao waliacha kutafuna.

— Baba Zaina! Kuna msiba gani tena?

— Hakuna msiba. Jana ulikula nini?

Mwiko ukasimama.

— Nilikula.

— Nini, mama Zaina?

Alimtazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

— Ming'oko. Na juzi ming'oko. Mimi, watoto, mama yangu pia. Tunachimba kule bondeni tangu ghala lilipoanza kuonyesha sakafu.

— Na ugali?

— Ugali ndio huu, alisema, akigusa sahani kwa mwiko. Ulitaka uletewe nini mbele ya wenzio? Waseme wakwe zako wameshindwa, binti yao anakulisha mizizi?

Kaimu alikaa chini kwenye majivu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Ile shibe yote aliyoisogeza barazani kwa kidole, akiwakaribisha wenzake, kumbe ilitoka midomoni mwa hawa waliomkodolea macho.

— Mzee Amri anakuja kesho, alisema. Watoto wa Mwantumu…

— Najua. Wanawake wa kisimani wameniambia zamani. Nilikuwa nangoja uniulize.

— Basi nakuuliza. Ghala ni lako. Waje, au wagawanywe?

Mwanaheri aliweka mwiko chini. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja.

— Waje, alisema. Lakini hii sahani isitoke tena. Hii inawatosha watoto watatu. Na wewe utakula tunachokula, hapahapa, tukuone.

Kaimu alielewa anachoombwa. Pale kijiweni sahani isiyotoka ni mbiu ya mgambo: mji mzima ungejua kwa Kaimu hakuna kitu, tena ungejua kabla ya isha. Asingeweza kukaa tena katikati ya ubao. Nje giza lilikuwa linaingia, na sauti ya Jumaa ikamfikia kupitia mihogo.

— Kaimuuu! Sahani yako tunaingoja!

Mwanaheri alimwachia ajibu mwenyewe.

Kaimu akaenda mlangoni.

— Msiingoje!

— Leo?

— Leo na kesho! Na keshokutwa msiingoje!

Kule hapakuwa na methali wala kicheko. Kaimu akarudi, akaishika ile sahani kwa mikono miwili, akaiweka chini katikati ya watoto, na Zaina akasogea kumpa nafasi, huku akimtazama mama yake kama kuuliza baba hukaa upande gani jikoni.

— Kuleni, alisema Kaimu. Mama Zaina, anza wewe.

Alikataa, akasema ameshashiba. Kaimu akangoja. Watoto nao wakangoja. Mwishowe Mwanaheri akanawa, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye kisamvu, akala akiwa ameinamisha uso. Kaimu akamtazama mpaka akameza, ndipo naye akanyoosha mkono kwenye chungu cha ming'oko.