Mtihani wa Mwenzetu Aliye Ndani

Risala ya wanafunzi wa Darasa la Nne, Shule ya Lukande, Uluguru, kwa Mkaguzi wa Shule. Septemba, 1956.

Mgeni rasmi, Mama Mkaguzi, shikamoo. Pole na mlima. Tulikuona tangu ulipokuwa bondeni ukipumzika kila kona, na baadhi yetu tukasema, huyu leo hafiki. Kumbe umefika! Karibu sana. Kiti ulichokalia ni cha Mwalimu Benedikto, naye amekubali kusimama.

SHULE YETU

Shule hii ilijengwa na wazazi wetu. Mawe walibeba baba zetu, maji ya kukandia udongo walibeba mama zetu, na nyasi za paa tunakata wenyewe. Inavuja kidogo, lakini leo hatutaki kusema habari za paa.

TULIYOJIFUNZA LIKIZONI

Hapa kwetu likizo ikiisha hatuanzi na kitabu. Mwalimu huita jina, mtu husimama akaeleza jambo moja alilojifunza nyumbani, kisha tunaliandika ubaoni na kulisoma pamoja. Safari hii Dominiko alisema amejifunza kwamba njegere zikichumwa zikiwa na umande huharibika kabla hazijafika sokoni Morogoro. Asia alisema amejifunza kumbembeleza mdogo wake alale, ila yeye ndiye hutangulia kulala. Tulicheka sana.

Halafu Mwalimu akaita, "Mwaisha." Alikuwa amesahau kwamba hayupo tena darasani. Akageuka, akafuta ubao, ingawa tulikuwa tumeshaufuta.

SHIDA YETU

Mwaisha anatushinda sote kwa kusoma. Likizoni alivunja ungo akawa mwali, na kwa mila zetu Waluguru amewekwa ndani kwa bibi yake, Bibi Chausiku. Haonwi na mwanamume wala na sisi wenzake mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje, na siku hiyo ni mwakani, baada ya mavuno.

Mgeni rasmi, hatulalamikii mila. Mama zetu wote walipita humo, na sisi wasichana zamu yetu yaja. Lakini mtihani wa Darasa la Nne ni Novemba, na asiyeufanya haendi shule ya kati. Mwaisha anataka kuwa mwalimu. Jamani, inatuuma.

TULIVYOJARIBU

Tulianza kwenda nyuma ya nyumba ile, tukasoma masomo yetu kwa sauti ili ayasikie. Siku ya kwanza shangazi yake alidhani wavulana wamekuja kumchungulia mwali, akammwagia mwenzetu Alois maji ya vyombo. Tukakimbia. Kesho yake tukarudi, na Bibi Chausiku akatoka mwenyewe.

"Kumwona ni mwiko," akasema. "Kusikia sijakataza. Someni, lakini kaeni huko kwenye migomba."

Tangu hapo tukitoka shule tunapitia kule kusoma, na Mwaisha hujibu hesabu kwa kugonga ukuta. Dominiko kwa utundu wake alimpa hesabu yenye jibu kubwa, naye akagonga mpaka kuku aliyekuwa akilalia mayai akatoka mbio. Jibu lilikuwa sahihi.

OMBI LETU

Ombi letu ni moja. Mwalimu Benedikto ni mwanamume, hawezi kuingia nyumba ile. Wewe, Mama, unaweza. Tunakuomba siku ya mtihani uje, au umtume mwanamke mwenzako, Mwaisha aletewe karatasi mle ndani aufanye kama sisi.

Bibi Chausiku tumemwuliza. Alitutazama mmoja mmoja, hata tukadhani tumemkosea. Kisha akasema, "Akija mama mwenye adabu zake, nitamtandikia mkeka." Mama, bibi yule si mtu wa kubadili neno.

Tunaomba utujibu leo kabla hujashuka. Mwaisha hajui kwamba umekuja. Jana tulisoma kama kawaida, hatukumgusia kitu, maana ukikataa hatutaki awe amekungoja.

Mungu akushushe mlima salama, na akujalie nguvu za kuupanda tena Novemba.

Ni sisi, wanafunzi wa Darasa la Nne, Shule ya Lukande, pamoja na Mwaisha.

Imesomwa na Yuliana kwa niaba ya wenzake.