Somo Moja kwa Mwaka: Maisha ya Dobi Taratibu, 1958–2025

Marehemu baba yetu, ambaye nusu ya waliopo hapa hawamjui kwa jina jingine ila Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano. Bibi alikuwa akisimulia kwamba hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, na alipotoka hakulia mpaka alipojisikia.

Alianza shule mwaka 1965. Aliiacha akiwa darasa la sita, bibi alipougua na nguo za watu alizokuwa akifua zikakosa mfuaji. Alizifua yeye. Hakuwahi kulalamika, ila kila alipopita karibu na shule kengele ikilia, alisimama kidogo.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa bila kuunguza shuka hata moja. Mwaka 1984 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, baada ya uchumba wa miaka minne. Mama anasema ilibidi ajishonee gauni la harusi na kulitundika mahali ambapo baba angeliona. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009, binti mdogo alipomaliza sekondari, baba alikataa vitabu vya binti visigawiwe. Alisema naye anataka cheti cha sekondari, na atafanya mtihani wa somo moja kwa mwaka mpaka yatimie saba. Wakubwa kwa wadogo tulicheka. Yeye akabandika karatasi zake za mazoezi ukutani kazini, juu ya meza ya kupigia pasi. Siku moja karatasi ya Historia ilidondoka, ikakunjwa ndani ya shuka na kupanda wodini. Kesho yake muuguzi aliirudisha: mgonjwa wa kitanda cha nne, mwalimu mstaafu, alikuwa ameisahihisha kwa penseli na kumpa sita kwa kumi. Baba aliiandika upya na kuificha makusudi katika shuka la kitanda kile kile. Waliendelea hivyo mpaka mwalimu aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Kiswahili alifaulu mwaka 2010, Historia 2011. Hapa familia ina jambo la kukiri. Mwaka 2012 tulichoka kumsubiri. Kaka yake, karani mstaafu, alimwandikisha masomo matano yaliyobaki kwa mkupuo, nasi tukampongeza. Baba hakukataa, kwa kuwa hakujua kutukatalia. Alifeli yote matano. Alifungia vitabu sandukuni na miaka minne hakuvigusa. Miaka ile tunaijutia hadi leo.

Alivitoa mwenyewe mwaka 2017, bila kushauriwa na mtu. Jiografia, Baiolojia, Uraia, Kiingereza, akipumzika alipotaka kupumzika, mpaka 2022. Ikabaki Hisabati. Mwaka 2023 ilimwangusha, akacheka na kuanza tena ukurasa wa kwanza.

Machi 2024 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ile ile, kitabu cha Hisabati kikiwa kifuani, akilalamikia tu namna shuka zilivyokunjwa. Tarehe 12 Novemba aliingia chumba cha mtihani akiwa ameshikwa mkono na mama. Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, saa tatu asubuhi. Tumemkosa mno. Mama anasema hajui tena kunywa chai bila mtu wa kumkariria kanuni za pembetatu.

Jumatatu hii matokeo yalitoka. Baba mkubwa, yule yule aliyemwandikisha masomo matano, ndiye aliyekwenda kuyatazama. Alirudi akakaa nje muda mrefu kabla ya kuingia. Baba hakufaulu.

Baba mkubwa aliomba tusilichape jambo hili. "Shemeji, watu wamkumbuke kwa yale sita," alisema. "Mimi nilishamwaibisha mara moja. Inatosha."

"Andikeni kama yalivyo," mama alijibu. "Hajashindwa huyu. Mwaka huu angerudia."

Basi tumeandika kama yalivyo.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na kaka yake. Apumzike kwa amani, kwa mwendo wake mwenyewe. Safari hii hatutamharakisha.