Sista Zamda Nassibu, Aliyefundisha Watu Kungojea Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, sauti yangu itakukuta hapo hapo. Leo tunamkumbuka Sista Zamda Nassibu wa Tabora. Alikuwa muuguzi, na alikuwa mwalimu wa wauguzi. Alifariki Jumanne iliyopita, akazikwa kesho yake alasiri katika mji ule ule aliozaliwa.

Kazi yake nitaieleza kwa maneno mepesi. Mgonjwa wa mapafu akizidiwa, kifua huchoka. Hawezi tena kuvuta hewa mwenyewe. Hapo panatakiwa mtu wa kumsaidia. Kuna mfuko wa mpira, unaenea viganja viwili. Ukiubana, hewa inaingia kifuani mwa mgonjwa. Ukiuachia, hewa inatoka. Sista Zamda aliwafundisha wauguzi na madresa, wale wasaidizi wa tiba wa zahanati za vijiji, kuutumia mfuko huo. Nasema tena: alifundisha watu kumpumulia mtu asiyeweza kupumua.

Baba yake, Mzee Nassibu, alikuwa mhunzi. Alifua majembe na visu. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi binti zake wawili ndio waliovukuta moto, yaani kuupulizia kwa mivukuto, ile mifuko ya ngozi. Mdogo wa marehemu, Bibi Mwanahawa, ameniambia hivi: "Dada alikuwa na mkono usiochoka. Mimi nilikuwa nalala huku navukuta. Baba akiuliza nani kazembea, dada anasema ni yeye."

Nchi ilipopata uhuru, Zamda alikuwa muuguzi kijana. Mwaka 1969 alipelekwa Dar es Salaam kujifunza kuhudumia wagonjwa mahututi wa kifua. Alirudi na mfuko mmoja. Mmoja tu, wasikilizaji, na wanafunzi kumi na wawili wa kufundisha.

Akaona mfuko ukishikwa na kila mtu kutwa nzima utapasuka. Akawapeleka wanafunzi kwa baba yake, wajizoeze kwenye mivukuto. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji wa huku kwetu, mivukuto wanaijua. Walifurahi. Mzee Nassibu naye alifurahi, maana wiki ile moto wake ulivukutwa na watu wa serikali bila kudai chochote.

Lakini mivukuto ya mhunzi huwa miwili. Mkono wa kulia ukishuka, wa kushoto unapanda. Upepo haukatiki, kwa sababu moto hautaki kupumzika. Mikono ya wanafunzi ikazoea hivyo. Hakuna aliyeona hatari yake, hata mwalimu mwenyewe.

Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Lugembe, kijana wa Ntalikwa. Alipangiwa zahanati moja ya kijiji, na mifuko mingine ilipoletwa, akapewa wake. Mwaka 1973 akaletewa Mzee Shilinde, mkulima, amebanwa na pumu hadi midomo imebadilika rangi. Lugembe akaanza kazi. Alibana haraka haraka, bila kukoma, kama alivyozoea kwa mhunzi. Sasa mgonjwa wa pumu, hewa huingia kwa shida, lakini kutoka ni shida zaidi. Hewa ikaingia juu ya hewa. Kifua kikajaa, hakikupata nafasi ya kushuka. Mzee Shilinde akafariki.

Watu wakasema siku zake zimefika. Ndivyo tusemavyo, na hakuna aliyemlaumu Lugembe. Sista Zamda akaja, akamwomba amwonyeshe jinsi alivyofanya. Lugembe akabana mfuko hewani. Sista akatazama mikono ile, akajua ameifundisha yeye.

Alikwenda nyumbani kwa marehemu peke yake. Aliwaambia wafiwa, "Kijana alifanya kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyefundisha vibaya." Kisha mjane akamsogezea kigoda. Akasema, "Kaa, mwanangu. Wewe umekuja kutuambia." Sista alinisimulia jambo hilo miaka mingi baadaye.

Lugembe yeye aliacha kazi. Alirudisha mfuko na koti jeupe, akaenda kwao kulima.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Sista Zamda hakumwandikia barua ya kumwonya. Jumamosi ya kwanza alipanda baiskeli hadi Ntalikwa, jembe la baba yake limefungwa nyuma. Akasalimia, akaingia shambani, akalima. Habari za kazi hakuzitaja. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Mama yake Lugembe alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Sista, unalima kama unachoma sindano. Karanga zangu zitakufa kwa woga."

"Nifundishe basi, mama. Mimi mtoto wa mjini."

"Mtoto wa mhunzi hajui jembe?"

"Sisi tunayatengeneza, mama. Wanaoteseka nayo ni nyinyi."

Walicheka wote, isipokuwa Lugembe. Jumamosi ya nne Lugembe ndiye aliyeanza. Alisema, "Sista, mikono hii imeua mtu." Sista akajibu, "Mikono hiyo ilikuwa yangu kabla haijawa yako. Twende tukaifundishe upya, yako na yangu."

Lugembe akarudi kujifunza. Safari hii hawakwenda kwa mhunzi. Sista aliwalaza wanafunzi kwenye benchi, mmoja mmoja, na mwenzake akaweka kiganja juu ya kifua chake. Hawakushika mfuko wiki nzima. Walishika vifua tu. Walitazama kifua kikipanda, na zaidi walitazama kikishuka. Sheria ikawa moja: usibane tena mpaka kifua kimeshuka chote. Nairudia, maana hiyo ndiyo elimu yake: mpe hewa, halafu mngoje aitoe.

Lakini benchi si kitanda cha mgonjwa. Kila alipofika wodini, Lugembe alisimama mbali, mikono mfukoni. Wenzake walimwita mlinzi wa mlango. Sista aliwaacha waseme, naye hakumsukuma.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, treni ilimleta Leonia kutoka Urambo. Alikuwa mama kijana, mama wa watoto watatu, mkulima wa tumbaku. Alikuwa amekaa siku nyingi kwenye moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia jani la tumbaku. Pumu ikamshika, ikakataa kumwachia. Alipofika hospitali hakuweza hata kutaja jina lake. Daktari akampitishia mpira kooni, akamchoma dawa, akasema dawa hiyo itachukua saa kadhaa. Hadi hapo, lazima mtu ampumulie kwa mkono.

Wanafunzi wengine walikuwa wamekwenda kuchanja vijijini. Walikuwepo wawili tu, Sista na Lugembe. Sista alibana mfuko saa nzima, na nusu saa nyingine. Vidole vikachoka. Akamwita Lugembe, akamkabidhi mfuko. Kisha akageuka, akatoka nje.

Nimemuuliza Lugembe juzi msibani, ulijisikiaje? Ni mtu mzima sasa, ana mvi. Alisema hivi: "Nilitaka kumwita arudi. Lakini ningegeuza shingo, nisingeona kifua. Nikatazama kifua. Kikapanda. Nikaachia. Nikangoja. Kule kungoja kulikuwa kurefu kuliko safari ya Mwanza. Kikashuka. Ndipo nikabana tena."

Sista alikuwa uani, ameketi na mama mzazi wa Leonia, wanachagua maharage. Baadaye Lugembe alimuuliza amewezaje kutoka wakati kama ule. Alimjibu, "Ningebaki, ungetazama uso wangu. Mgonjwa angebaki na nani?"

Walipokezana hadi alasiri. Saa tisa na dakika chache Lugembe aliachia mfuko, akangoja kifua kishuke. Kikashuka. Kabla hajabana, kikapanda chenyewe.

Leonia alirudi Urambo baada ya wiki mbili. Lugembe hakuliacha tena koti jeupe, na mpaka leo anafundisha madresa. Wanafunzi wake anaanza kwa kuwasimulia habari za Mzee Shilinde, kwa jina, na kwa ruhusa ya wafiwa.

Kwa Bibi Mwanahawa, na kwa ukoo wote wa Mzee Nassibu, tunawapa pole. Mungu amrehemu marehemu, awape nyinyi subira. Pole pia kwa wauguzi wote waliopita mikononi mwake.

Na wewe unayenisikiliza, nina jambo dogo la kukuachia. Huenda yupo mtu uliyemfundisha kazi, akakosea, akaona haya, akaenda kwao. Huenda kosa lenyewe ulimfundisha wewe. Unajua anakoishi. Jumamosi si mbali.