Kulizeesha Behewa

Benchi letu liko nje ya duka la fundi viatu, upande unaopata kivuli hadi saa tano. Lina nafasi ya watu wanne, au watano kama mmoja wao ni Breki, mzee mwembamba aliyefanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye treni za mizigo. Tunamwita hivyo kwa sababu akifungua mdomo mazungumzo husimama. Karibu yake hukaa Rangi Mbili, fundi wa kupaka rangi magari, ambaye aliwahi kumrudishia mteja gari lenye milango ya kulia ya rangi nyeupe na ya kushoto ya nyeupe nyingine. Halafu kuna Nilikuwepo, kinyozi, na jina lake linajieleza. Mimi wananiita Daktari wa Udongo, kwa kuwa ndio niliousomea na kuufundisha. Kahawa tunamiminiwa na Mama Birika. Jumanne ile nilikuja na boksi la viatu. Ndani nilikuwa nimeweka kichwa cha treni na behewa moja la mizigo, vyote vya plastiki, vidogo mara themanini na saba kuliko vya kweli, pamoja na kopo la rangi ya kutu na brashi. Kichwa nilikitengeneza na kukichafua mwenyewe. Behewa ndilo pekee alilolipaka mke wangu, na namba zake aliziandika kwa mkono. Ni miezi saba sasa tangu afariki. Jumamosi sisi wenye treni ndogo tunakutana kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, tunaunga reli zetu, na kila treni inapita mbele ya wenye nazo. Mara ya mwisho mmoja wao aliliinamia behewa hilo akasema ni zuri, lakini halijafanya kazi. Rangi ya kutu ikishashika haitoki bila kuondoka na iliyo chini yake. Nilitaka ushauri kabla ya kufungua kopo.

Rangi Mbili: Hebu nivione. Mh. Daktari, tatizo liko wazi. Kichwa kizee, behewa jipya. Kama babu wa miaka tisini ameshikana mikono na mchumba.

Nilikuwepo: Harusi ya namna hiyo nilikuwepo. Bwana harusi alisinzia.

Mimi: Wenzangu wanasema linafanana na la kuchezea. Nataka kulizeesha.

Rangi Mbili: Kuzeesha si kazi. Mimi gari jipya nalizeesha kwa siku moja.

Mama Birika: Hilo wateja wako wote wanalijua.

Rangi Mbili: Mama, mimina kahawa, tuachie ufundi. Ila Daktari nawe unanishangaza. Mtu umesomea udongo chuo kikuu, leo unashindwa kuchafua kibehewa kinachoenea kiganjani?

Mimi: Udongo wenyewe ndio unaokataa. Nilijaribu kwenye kipande kibovu. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, ukiikuza mara themanini na saba, inakuwa jiwe la zaidi ya sentimita nne. Ukilinyunyizia behewa mchanga, hujalitia vumbi, umelipiga mawe.

Breki: Mawe tulipigwa, lakini hayakuwa yakiganda.

Mimi: Hata udongo wa mfinyanzi, ulio laini kuliko wote, kwa kipimo hicho unakuwa mchanga.

Rangi Mbili: Kwa hiyo dunia nzima haina tope la saizi yake.

Mimi: Haina. Lazima iwe rangi.

Rangi Mbili: Rangi ya nini? Litumbukize kwenye siki siku tatu, litoe, lianike juani. Kutu utakayoipata hapo utaikimbia mwenyewe.

Mimi: Ni plastiki.

Rangi Mbili: Sijasema si plastiki. Nimesema siki.

Breki alitoa miwani mfukoni polepole. Aliifuta, akaivaa, akalisogeza behewa karibu.

Breki: Kutu haiendi inakotaka. Masizi hukaa juu, kwenye paa, kwa sababu ndiko moshi unakopita. Kutu inaanzia juu inashuka. Huanza kwenye bawaba za mlango, kisha mvua huiteremsha. Na hapa pembeni mwa komeo kuna doa jeusi, kwenye urefu wa bega la mpakiaji. Watu huegemea palepale miaka nenda miaka rudi. Sehemu nyingine zinabaki karibu na rangi yake. Wewe ukilipaka uchafu lote, umelivisha koti.

Niliandika hayo nyuma ya risiti. Yalikuwa maneno ya kwanza asubuhi ile yenye manufaa.

Breki: Na hapa, nani kaandika?

Mimi: Mke wangu.

Breki: Shemeji alikuwa na mkono. Namba zimekaa sawa kabisa. Ila hili andiko jingine ndilo linalomsaliti. "Uzito mtupu: gramu 41." Behewa huandikwa tani, ndugu yangu.

Mimi: Nilimwambia. Alilipima kwenye mizani ya jikoni, akasema yeye haandiki kitu ambacho mizani haijamwambia.

Rangi Mbili: Mama yule angekuja gereji kwangu, ningefunga siku hiyohiyo.

Nilikuwepo: Kwangu alikuja. Kile kibao cha kinyozi ni mkono wake. Nilitaka "Kinyozi wa Kimataifa", akanikatalia. Akahesabu viti, akaniuliza cha pili anakalia nani.

Mama Birika: Anakalia nani?

Nilikuwepo: Hicho nawekea taulo.

Tulicheka, na mimi nilicheka. Kazi ya mke wangu ilikuwa kuandika vibao, na kisa hicho alinisimulia jioni ile ile akiwa anaosha brashi kwenye karai. Kukisikia upande wa kinyozi kulikuwa kitu kipya.

Breki: Na hadi leo ni gramu 41?

Mimi: Hapana. Lilikuwa linarukaruka kila linapopita maungio ya reli. Treni nzito hairuki, inayumba kidogo tu kisha inatulia. Nimelibandikia vipande vya chuma chini ya sakafu. Sasa ni gramu mia moja na nne.

Breki: Basi ulishaligusa.

Mimi: Kwa chini. Hakuonekani.

Breki: Na sasa unataka kuligusa kwa juu. Kutu ya bawaba hii itashukia hapa, kwenye maandishi yake.

Mimi: Ndiyo. Nikiipitisha inakotakiwa kupita, nusu ya mwandiko wake inakwenda. Nikiukwepa mwandiko, kila anayejua mabehewa ataona kuwa kutu yangu imechagua njia.

Mama Birika alitumiminia bila kuombwa. Kopo lilikuwa juu ya benchi kati yangu na Rangi Mbili, na Rangi Mbili alikuwa ameshalitikisa mara mbili akisikiliza rangi ilivyo nzito.

Nilikuwepo: Mnajua mnakosea wapi? Mnahangaika na rangi. Treni ya kweli haijulikani kwa rangi.

Rangi Mbili: Inajulikana kwa nini?

Nilikuwepo: Kwa kuchelewa. Nimekaa stesheni mimi, nilikuwepo tangu alfajiri, tukaambiwa inakuja. Ilikuja saa tatu baadaye. Hakuna mtu pale aliyesema hii treni ni ya kuchezea. Daktari, Jumamosi wenzako wakikuita, usiende. Wacha wakae.

Mimi: Nichelewe saa tatu?

Nilikuwepo: Kwa kipimo chako. Gawanya.

Nikagawanya. Dakika mia moja na themanini kwa themanini na saba.

Mimi: Dakika mbili na kitu.

Nilikuwepo: Basi dakika mbili. Hata kuomba radhi hutaomba.

Breki: Zetu hazikuwa zinachelewa. Mlikuwa mnawahi.

Rangi Mbili: Subirini, subirini. Kama saa zinagawanyika, na macho yagawanyike. Daktari, nikilitazama behewa hili nikiwa hatua moja hivi, mita moja, ni sawa na nimesimama wapi?

Mimi: Mita themanini na saba kutoka behewa la kweli.

Rangi Mbili: Mzee Breki, mita themanini na saba unaona kutu ya bawaba?

Breki: Mimi siku hizi hata bawaba sizioni.

Rangi Mbili: Na maandishi?

Breki: Hayasomeki, labda ukiwa kijana.

Rangi Mbili: Imekwisha hiyo. Tatizo si behewa, ni watazamaji. Wako karibu mno. Waambie wakalitazamie nje ya ukumbi.

Mimi: Nje ya ukumbi hawataliona kabisa.

Rangi Mbili: Na wasiloliona watalikosoaje?

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro, lakini kabla sijaionyesha Nilikuwepo alikuwa ameshalichukua behewa kwa mikono miwili na kuanza kuvuka barabara. Alisema analiweka kwenye ngazi za duka lake, ng'ambo, tujipime macho. Nilisimama. Sikumwita, kwa sababu mtu aliyebeba kitu chepesi akiitwa hugeuka ghafla. Katikati ya barabara alisimama mwenyewe, akalinyanyua kwenye kiganja.

Nilikuwepo: Mnaonaje?

Rangi Mbili: Sioni kitu.

Nilikuwepo: Halisi kabisa?

Rangi Mbili: Kabisa. Naona kinyozi asiye na mteja.

Nyuma yake ulikuwa umesimama mkokoteni wenye mifuko kumi na mbili ya saruji. Msukuma mkokoteni, mtu mzima mwenye shati lililogeuka kijivu mabegani, alikuwa akingoja njia. Hatukuwa tunamfahamu.

Msukuma mkokoteni: Mzee, naomba njia. Au nawe unashusha mzigo?

Nilikuwepo alisogea, na yule bwana akaegesha mkokoteni kando ya benchi, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Nilikuwepo akanirudishia behewa. Mgeni aliomba kahawa, akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na kiganja changu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelitazama hivyo.

Msukuma mkokoteni: Linabeba nini?

Rangi Mbili: Halibebi kitu, kaka. La maonyesho. Tunataka kulizeesha lionekane limefanya kazi.

Msukuma mkokoteni: Kazi gani?

Rangi Mbili: Kazi. Ya behewa.

Msukuma mkokoteni: Mimi leo nimebeba saruji, nitazameni. Juzi nilibeba mkaa, nilirudi nyumbani mwanangu hakunijua. Mke wangu haulizi nimebeba nini, anatazama shati. Likibeba unga, mlangoni patakuwa peupe. Likibeba chumvi, litaliwa kuanzia chini. Kwa hiyo hili linabeba nini?

Breki alifungua mdomo. Tukangoja.

Breki: Behewa la kufunga hili, lina paa na mlango. Linaweza kubeba chochote.

Msukuma mkokoteni: Chochote hakina rangi, mzee.

Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa behewa ni langu. Nilijaribu kukumbuka. Siku alizokuwa akilipaka, kwenye meza iliyo dirishani, nilimwuliza rangi inachukua muda gani kukauka. Nilimwuliza kama amechoka. Tulibishana kuhusu gramu na tani karibu saa nzima. Namba alizichagua mwenyewe, nami sikuuliza amezitoa wapi. Nina hakika alijua kilichomo ndani; asingeweza kuandika upande wa nje wa kitu bila kujua. Lilikuwa swali la neno moja.

Mimi: Sijui.

Msukuma mkokoteni: Mwenye kulijua yupo?

Mimi: Hayupo.

Alitikisa kichwa, akasimama, akamaliza kahawa yake. Alisema basi asingependa kuwa yeye atakayebahatisha, akaondoa jiwe kwenye gurudumu na kuendelea na safari yake.

Rangi Mbili aliniwekea kopo kwenye boksi. Hakulitikisa tena.

Rangi Mbili: Sasa Jumamosi?

Mimi: Nitalipeleka kama lilivyo.

Rangi Mbili: Watasema tena halijafanya kazi.

Breki: Si kweli halijafanya? Awaambie ndiyo kwanza linatoka karakana. Tulikuwa tukiyapokea hivyohivyo, matupu, yananuka rangi, unaogopa hata kuyaegemea. Siku ya kwanza hatukuyapakia. Tuliyafunga nyuma kabisa ya treni.

Mimi: Kwa nini nyuma?

Breki: Moshi wa kichwa usiyafikie mapema.

Mama Birika alikuwa amekwisha kuligeuza birika, akiyakung'uta makapi kwenye mtaro.

Mimi: Kati yake na kichwa mlikuwa mnaweka mangapi?

Breki: Mangapi unayo?

Mimi: Nyumbani kuna matano. Hayo niliyachafua mimi.

Breki alivua miwani, akayahesabu matano hayo kwenye vidole.

Breki: Matano yanatosha.